Mishipa ya Kijani ya Mama

Juzi nilikuwa natembea kwa miguu huko Masinya, nikamkuta jirani wa nyumbani kwao mama yangu akichanganya mrututu, ile dawa ya ukungu, kwenye ndoo ili apulizie nyanya zake. Alikuwa ameuponda ndani ya kitambaa, sasa anaukoroga kwa kijiti, na maji yalikuwa yanageuka bluu taratibu, bluu ile kali ambayo haifanani na kitu chochote kinachoota shambani. Harufu yake ni kama ya sarafu iliyokaa muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho. Nilisimama. Jirani akaniuliza kama ninataka kidogo kwa ajili ya nyanya zangu. Nikamwambia hapana, ninaangalia tu, na yeye akaendelea na kazi yake huku akinitupia jicho, maana mtu mzima haachi safari yake kwa ajili ya kuangalia ndoo.

Sikumweleza. Ningeanzia wapi? Maji ya rangi hiyo niliyaona mara ya kwanza nikiwa mtoto, katika chumba kidogo cha maabara ya hospitali, na siku hiyo ndiyo nilipata nusu ya jibu la swali lililokuwa limenisumbua utoto wangu mzima.

Nyumbani kwetu palikuwa Busia, upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Kenya. Baba alikuwa fundi wa matairi ya malori hayo. Yeye ni Mpadhola wa Nabuyoga, mrefu, mweusi ti. Mama ni Msamia wa Masinya, na alikuwa anauza mukene sokoni, wale dagaa wadogo wa ziwani. Mama ni mweupe, maji ya kunde hasa, kiasi kwamba wateja wa upande wa pili walimwita Brown. Baba hakukijua Kisamia cha kutosha kugombana, na mama hakukijua Kidhopadhola cha kutosha kubembeleza, kwa hiyo nyumba yetu iliendeshwa kwa Kiswahili cha mpakani. Baba alisema "kitu yangu", mama akasema "mtoto zangu", na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Swali langu lilianzia kwenye mikono ya mama. Asubuhi alianika mukene juu ya turubai, akiwatandaza kwa viganja, na jua lilipompiga upande wa ndani wa mikono niliona mishipa yake. Ilikuwa ya kijani. Ilianzia kwenye kifundo cha mkono, ikagawanyika, ikakutana tena, ikapanda mpaka kwenye kiwiko kama mizizi inayoonekana chini ya maji ya kisima. Nilipenda kuifuata kwa kidole. Nikibonyeza, kijani kinapotea, nikiachia, kinarudi.

Sasa, mimi nilikuwa mtoto wa kuanguka. Goti langu halikuwahi kupona kabisa kabla ya kuchubuka tena, na kila lilipochubuka kilichotoka kilikuwa chekundu. Mama naye alipojikata na kisu akimenya muhogo, kilitoka chekundu. Ile ya kijani ilikuwa inakwenda wapi? Niliwahi kuamini kwamba damu ni ya kijani ndani ya mwili na hugeuka nyekundu inapopigwa na jua, kama vile papai linavyoiva. Kisha nikaona kwamba hata nikijichubua chooni, kwenye giza, nikitoka nje ni nyekundu vilevile, na ile imani ikaanguka. Baba ndiye aliyenichanganya zaidi. Mishipa yake ilisimama mikononi minene kama kamba za kufungia mizigo, lakini haikuwa na rangi yoyote.

"Baba, damu yako ina rangi gani?" nilimuuliza siku moja akiwa ameinamia ringi.

"Ya tairi," akajibu bila kuinua kichwa.

Nilimwamini kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Yeye ndiye aliyeniita Mama Kwa Nini, na majirani wakalichukua jina hilo wakalitumia.

Mtu ambaye hakutaka kabisa maswali hayo ni mama. Nikishika mkono wake na kuanza, aliuvuta akaufunika kwa leso. "Acha, Athieno. Hiyo si kitu ya kuchezea." Alikuwa mwenye subira kwa mambo mengine yote. Angeweza kunieleza mara tatu kwa nini mukene wa mvua wananuka, lakini mishipa yake, hapana.

Baadaye nilidhani nimepata mtaalamu. Adhadha, yaani bibi mzaa baba, alikuwa akija kututembelea kutoka Nabuyoga na unga wa wimbi na karanga. Usije ukamfikiria vibaya. Alikuwa mama mkarimu, aliyeninyang'anya kijiko ili anipe ukoko wa chunguni kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alikuwa na msimamo mmoja. Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba nikimsikia akiongea na baba kwa sauti ya chini, sauti ile watu wanayoitumia kuzungumzia shamba lililokataa kuzaa.

"Nilikuambia tangu mwanzo. Hii damu yake iko maji. Haishiki mtoto."

"Mama, wacha hiyo maneno," baba akasema.

Kati yangu na mdogo wangu Okoth, mama alikuwa amezika watoto wawili, wote wachanga. Nilijua hilo kama nilivyojua kwamba tuna mpapai uani. Kwa hiyo niliposikia maneno ya Adhadha sikuhuzunika hata kidogo. Nilifurahi! Hatimaye kulikuwa na mtu mwenye habari kuhusu rangi. Nilimfuata baada ya chakula, na yeye, akifurahi kuulizwa, akanieleza vizuri: damu nzito ni nyeusi na inajificha ndani, ndiyo sababu haionekani kwa baba na kwa watu wa kwao. Damu ya maji haina nguvu ya kujificha, kwa hiyo inaonekana kwa nje, kijani, kama maji ya dimbwi. Niliyapokea hayo kama somo la shuleni. Usiku, kabla ya kulala, niliichunguza mikono yangu mwenyewe ili nijue mimi ni wa upande gani. Sikuona kitu. Nikapata usingizi.

Okoth aliugua wakati wa mvua ndefu. Malaria kwetu haikuwa mgeni, kila mtu aliugua na kila mtu alimeza vidonge, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Lakini homa iliposhuka yeye hakuinuka. Alikuwa na umri wa kukimbia siku nzima, na sasa alikuwa analala mkekani akihema haraka haraka kama kuku aliyefukuzwa. Mama alimfungua kiganja chake akakitazama, kisha akakilinganisha na changu. Changu kilikuwa na rangi. Cha Okoth kilikuwa cheupe kabisa, kama cha mtu aliyefua nguo tangu asubuhi. Mama alimfunga mgongoni, akaanza kutembea kuelekea barabarani hata kabla baba hajapata pikipiki.

Adhadha alikuwa kwetu wiki hiyo na alikataa kubaki nyumbani, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kubaki nami, tukaenda sote. Ninakumbuka harufu ya spiriti na ya sakafu iliyopigwa deki kwa dawa. Ninakumbuka daktari akivuta chini kope la Okoth, na sisi wote tukainama kuona, na ndani yake hapakuwa na wekundu wowote. Malaria imekula damu yake, akasema. Lazima aongezewe leo. Na friji ya hospitali haikuwa na damu ya kundi lake. Gari lililokwenda kuleta nyingine lisingerudi mpaka kesho. Kesho ilikuwa mbali, hata mimi niliweza kuiona ilivyo mbali nikimtazama Okoth akihema. Akatuambia wazazi waende maabara wakapimwe.

Maabara ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja, meza ndefu, na mwanamke mmoja mnene mwenye koti jeupe na mikono myepesi sana. Watu walimwita musawo, kama tunavyomwita kila mtu wa tiba. Baba alikunja shati kabla hajaambiwa. Mama alibaki amesimama ukutani.

"Na wewe mama, njoo," musawo akasema.

"Pimeni baba yake," mama akasema. "Yangu haifai."

"Nani amekuambia haifai?"

Adhadha aliangalia sakafu. Mimi nilikuwa najua jibu na nilitamani kulisema, lakini baba akawahi. Alisema polepole, "Mama Athieno. Weka mkono." Mama akasogea, akaketi, akafumba macho, akanyoosha mkono.

Nilijipenyeza mpaka mezani. Ninyi mnaoisoma habari hii hamwezi kujua jinsi moyo wangu ulivyokuwa unadunda, na nasema ukweli, wakati huo haukudunda kwa ajili ya Okoth. Sindano ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye ule mshipa wa kijani, mkubwa, wa kwenye kiwiko, ambao nilikuwa nimeufuata kwa kidole maisha yangu yote. Sasa itatoka. Sasa nitaiona.

Iliyotoka ilikuwa nyekundu. Nyekundu iliyokolea, karibu na rangi ya zambarau iliyoiva, nzito, ikipanda ndani ya kichupa bila haraka. Haikuwa na kijani popote. Nilitazama mkono wa mama, kijani. Nilitazama kichupa, nyekundu. Nilirudia mpaka musawo akanisogeza kwa nyonga yake.

Akavisimamisha vichupa viwili kwenye kibao chenye matundu, pale dirishani, cha baba na cha mama, akageuka kuchukua vitu vyake. Vilikuwa vinafanana kabisa. Mimi nilijua ni kipi cha nani kwa sababu sikuwa nimepepesa macho. Lakini Adhadha alikuwa amesimama mlangoni na hakuona, na yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu wangu. Basi nikamuuliza, kwa nia safi kabisa ya mwanafunzi.

"Adhadha, ya baba ni gani?"

Alisogea. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo, akatazama hiki, akatazama kile. Alichukua muda. Kisha akanyoosha kidole bila wasiwasi.

"Hii. Angalia iko nyeusi. Hii ndiyo damu ya kwetu."

"Hapana," nikasema. "Hiyo ni ya mama."

Musawo aligeuka, akasoma alama kwenye kichupa. "Mtoto amesema kweli," akasema, akakichukua na kwenda nacho kwenye kazi yake, kama mtu aliyejibu swali dogo tu. Lakini mama alikuwa amefumbua macho. Bado alikuwa amebana pamba kwenye kiwiko, na alikuwa anakitazama kile kichupa kimoja kilichobaki dirishani.

Tulisubiri. Majibu yalipotoka, damu ya baba haikulingana na ya Okoth. Ya mama ililingana, na haikuwa na ugonjwa.

"Lakini ni maji," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Yangu ni ya maji. Mkimwekea hiyo, itamsaidia nini?"

Musawo alifungua kabati akatoa chupa fupi iliyojaa maji ya bluu. Mrututu, akatuambia, huuhuu wa nyanya. Umechanganywa kwa kipimo. "Mimi sitaki uniamini. Tutaangusha tone moja. Kama damu yako ni ya maji, itaelea hapo juu. Kama ni nzito, itazama." Akamchoma kidole.

Tone likatoka jekundu, jekundu la kung'aa, si lile la kwenye kichupa, na hilo nalo likaniingiza kwenye maswali mapya. Alilinyonya kwa mrija mwembamba akaliachia juu ya yale maji. Vichwa vyetu vyote vilikuwa vimekutana juu ya chupa, cha Adhadha karibu zaidi kuliko vyote. Lile tone lilisita kidogo chini ya uso wa maji. Ninaapa lilisita. Kisha likashuka, duara, limekaza, likapita bluu yote na kulala chini kama punje ya mtama.

Adhadha ndiye aliyesema. "Imezama."

Aliinuka polepole, akishika kiuno. Akamgeukia mama. "Basi kaa, binti yangu," akasema. "Kaa, wape. Mtoto anangojea."

Mama alitoa damu. Nilikaa miguuni pake nikitazama mfuko ukijaa, na mchana ule ule ile damu ilianza kushuka tone kwa tone kwenye mkono wa Okoth. Sitasahau masikio yake. Nilikuwa nimekaa upande wa dirisha, jua likipita nyuma ya kichwa chake, na masikio yale yaliyokuwa kama ya nta yalianza kupata wekundu, kwanza pembeni, halafu yote. Alasiri alifungua macho akaomba soda. Leo ni dereva wa lori, ana tumbo, na ukimweleza habari hii anakuambia kwamba hiyo soda hakupewa.

Adhadha hakuwahi kuomba radhi, haikuwa desturi yake. Lakini aliporudi kutoka Nabuyoga mwezi uliofuata alileta kuku mwekundu wa kumrudishia mama damu, akasimama jikoni kuhakikisha anamaliza mchuzi. Na kule kwao akawa ndiye msimuliaji mkuu. Aliwaeleza watu jinsi tone lilivyozama kama jiwe, na kila alipoeleza, ile chupa ilikuwa kubwa zaidi, mpaka mwisho ikawa pipa.

Mimi nilibaki na swali langu, sasa limekuwa kubwa kuliko mwanzo. Kabla hatujaondoka hospitalini nilimwuliza musawo kwa nini nje ni kijani na ndani ni nyekundu. Alicheka. "Damu ya mtu haijawahi kuwa kijani, wala bluu. Ngozi ndiyo inadanganya macho yako. Namna gani hasa, muulize mwalimu."

Mwalimu wetu wa sayansi hakujifanya kujua kila kitu. Alisema twende tujaribu. Alinipa tochi ya shule, nikaenda nayo nyumbani, nikaingia na mama kwenye jiko letu la udongo, tukafunga mlango ili pawe na giza mchana ule. Nikabana tochi chini ya kiganja chake. Mkono wote ukawaka! Vidole vilikuwa vyekundu kama makaa, na kati yake ile mishipa ilionekana kama mistari myeusi. "Uuui," mama akasema, akageuza mkono huku na huku. Kisha akaninyang'anya tochi akajaribu kwangu. Na kwangu pia, chini ya ngozi yangu nyeusi, mistari ilikuwepo. Tulikaa mle mpaka betri zikaanza kuchoka, tukijaribu vidole, mashavu na masikio.

Mwalimu akatufafanulia darasani. Mwanga wa jua una rangi zote. Ule wekundu unapenya ndani sana ya nyama, ndiyo maana mkono uliwaka mwekundu, lakini ukifika kwenye mshipa, damu inaumeza. Bluu haiendi mbali, inarudi kutoka juu juu ya ngozi. Kwa hiyo pale penye mshipa macho yanapokea rangi iliyopungukiwa na wekundu, na juu ya ngozi ya rangi ya kunde kama ya mama, hiyo inaonekana kijani. Kwa baba, weusi wa ngozi unameza mwanga mwingi kabla haujafika. Na ule mkolezo wa kichupani? Hiyo ni damu inayorudi moyoni ikiwa imeshagawa hewa yake mwilini. Ya kwenye kidole ilikuwa na hewa zaidi, ndiyo maana iling'aa. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yote hayo kwa pumzi moja, naye akasikiliza huku mikono imo kwenye beseni la mukene, akaniambia nirudie sehemu ya hewa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba habari yenyewe ilikuwa hiyo: rangi. Nilikuwa mtu mzima, nikiwa na ujauzito wa mtoto wangu wa kwanza, tumekaa tunabangua karanga, ndipo mama aliponieleza upande wake. Tangu azike yule mtoto wa pili, alisema, hakuwahi kumnyonyesha Okoth bila hofu. Alikuwa anakula mboga asizozipenda na kunywa majani machungu ili damu yake ikaze. Na alikuwa ameshazungumza na dada yake: kama Okoth naye angekufa, angerudi Masinya peke yake, siku hiyohiyo, kabla hajaambiwa aende. Aliyasema hayo kwa utulivu, maganda yakianguka kwenye ungo.

Nilijiona pale kwenye meza ya maabara, nimejipenyeza, nimekodoa macho kwenye vichupa, huku mama yangu ameketi karibu yangu akingoja kujua kama bado ana nyumba.

"Ulipomwuliza bibi yako damu ya baba ni gani," akaendelea, "nilitaka kukuziba mdomo. Mkono wangu ulishainuka."

"Kwa nini hukuniziba?"

Mama alipuliza maganda, akaokota karanga moja, akaitazama.

"Nilitaka kusikia atasema nini," akasema. "Mimi pia nilikuwa sijui yangu ni gani."